Maisha ya Dokta Richard Kandt, Mtafuta Chimbuko la Nile

Katika mji wetu wa Kigali, upande wa Nyarugenge, ipo nyumba ya zamani ambayo sasa ni jumba la makumbusho, nayo huitwa kwa jina la Dokta Richard Kandt. Wanafunzi wengi hupita karibu nayo wasijue mtu huyo alikuwa nani. Basi nimeona vema niwaandikie wasomaji wa gazeti letu, walio darasani na waliokwisha kumaliza, habari za maisha yake. Maana ndani yake mna mambo ya elimu ya kufurahisha, na mengine ya kutufikirisha.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba, 1867, katika mji wa Posen, ambao siku zile ulikuwa chini ya Ujerumani na leo ni wa Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina la ukoo lilikuwa Kantorowicz. Yeye alilibadili baadaye akajiita Kandt. Akasomea udaktari, kisha akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bayreuth. Kazi ilikuwa nzuri na ya heshima, lakini moyo wake ulikuwa mbali. Alikuwa akiliwaza swali moja lililowashinda wataalamu tangu zamani za Wayunani: Mto Nile unaanzia wapi?

Labda msomaji atasema swali hilo lilikwisha kujibiwa. Ni kweli kwamba Speke aliliona ziwa la Victoria mwaka wa 1858, na mwaka wa 1862 akafika mahali pale karibu na Jinja ambapo Nile hutoka ziwani. Lakini ziwa si mwanzo wa mto. Ziwa nalo hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Akagera. Ndipo likazuka swali jipya: Akagera nao unatoka wapi? Mwaka wa 1892 msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alisema kwamba mwanzo ni mto Ruvubu katika nchi ya Burundi. Kandt hakuridhika na jibu hilo.

Mwaka wa 1897 akafika pwani ya Afrika Mashariki, akasafiri na wapagazi hata Tabora, na mwaka wa 1898 akaingia Rwanda. Mwami wa nchi alikuwa Yuhi Musinga, kijana ambaye alikuwa ameketishwa kitini miaka miwili tu iliyopita baada ya mapigano makali ya Rucunshu. Wakubwa wa baraza hawakuwaamini wageni hata kidogo. Kwa hiyo Kandt alipofika kusalimu, hawakumwonyesha Mwami mwenyewe, bali walimketisha mtu mwingine, jina lake Mpamarugamba, akajifanya ndiye mfalme. Mimi kila nikikumbuka habari hii hucheka. Lakini pia huona kwamba wazee wale walikuwa na akili. Waliona hatari kabla haijabisha hodi.

Sasa nieleze kazi yake yenyewe, maana hapa ndipo penye elimu. Mito miwili inapokutana, ni upi mto mkuu na ni upi mkono tu? Macho peke yake hudanganya. Mwanafunzi wa sayansi anajua njia: upime upana wa mto, upime kina chake mahali kadhaa, kisha uangalie mwendo wa maji, kwa mfano kwa kuacha kijiti kielee na kuhesabu muda. Ukizidisha hayo utapata kadiri ya maji yapitayo kila dakika. Kandt alifuata kanuni hiyo ya kwamba mto wenye maji mengi zaidi ndio mto mkuu. Mahali Ruvubu unapokutana na Akagera, aliona Akagera una maji mengi zaidi. Basi akauacha Ruvubu wa Baumann, akapanda na Nyabarongo, mto ule ule tunaouvuka tukitoka Kigali kwenda kusini. Katika kila njia panda ya mito akauliza swali lile lile. Nyabarongo ukamfikisha Mwogo, Mwogo ukamfikisha Rukarara, na Rukarara ukamwongoza hata ndani ya msitu wa Nyungwe. Huko, mwezi wa Agosti, 1898, akasimama kwenye chemchemi ndogo, akasema ndiyo mwanzo wa Nile.

Msitu wa Nyungwe ni mahali pa ajabu. Matone mawili ya mvua huweza kuanguka kwenye mgongo mmoja wa mlima: moja likashuka mashariki, likapita Nyabarongo na Akagera na ziwa Victoria, likaenda safari ya kilomita zaidi ya 6,000 hata bahari ya Mediteranea, la pili likashuka magharibi, likaingia Kivu, kisha Ruzizi, Tanganyika, Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki.

Baada ya hapo Kandt alikaa miaka kadhaa Ishangi, kando ya ziwa Kivu, akipima ziwa, akikusanya mimea na wanyama na kuwapeleka kwenye makumbusho ya Berlin. Kima wa rangi ya dhahabu aishiye katika mianzi ya milima ya Virunga ana jina la kitaalamu Cercopithecus kandti, alilopewa mwaka wa 1905 kwa kumkumbuka yeye. Mwaka wa 1904 alitoa kitabu chake, Caput Nili, yaani Kichwa cha Nile kwa Kilatini.

Lakini maisha yake hayakuishia kwenye elimu. Mwaka wa 1907 serikali ya Ujerumani ilimfanya mwakilishi wake katika Rwanda. Akachagua kilima cha Nyarugenge, kwa kuwa ni katikati ya nchi, na mji wa Kigali unahesabu umri wake tangu mwaka huo. Nyuma ya boma wakaja askari na wafanya biashara, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, na mwaka wa 1913 msikiti ukajengwa Nyamirambo. Hivyo lugha tunayoiandika katika kurasa hizi iliingia mjini pamoja na mji wenyewe.

Hapa ndipo ninapopata shida kumsifu bila kusita. Mtu aliyekuja kupima mito aliishia kuwa mkono wa dola iliyoitawala nchi. Ramani zilizochorwa kwa ajili ya elimu ziliwafaa pia wenye bunduki. Mwaka wa 1912, wakati afisa Gudovius akishika nafasi ya Kandt, uasi wa Ndungutse kule kaskazini ulizimwa kwa risasi, na vijiji vikachomwa moto. Tena husemwa kwamba Kandt aligundua chimbuko la Nile. Mimi nauliza: je, Rukarara haukuwa na jina kabla yake? Jina hilo ni la Kinyarwanda, na waliomwonyesha njia walikuwa wenyeji. Alilolifanya yeye ni kuunganisha mito yote kwa vipimo, kisha akaandika. Hilo si dogo, lakini si sawa na kusema kwamba mahali pale palikuwa hapajulikani.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwishoni mwa mwaka wa 1913 alikwenda kwao likizo, na vita vya 1914 vikamzuia kurudi. Akatumika kama daktari wa jeshi, akadhurika kwa gesi ya sumu, na tarehe 29 Aprili, 1918, akafariki katika hospitali ya Nuremberg, umri wake miaka 50. Elimu ya kemia, iliyokuwa imefanya mengi mema, ndiyo iliyotengeneza moshi uliomharibu mapafu.

Swali lake nalo halikufungwa. Mwaka wa 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alionyesha chemchemi iliyo kusini zaidi, kule Burundi. Na mwaka wa 2006 wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand walipanda mto wote, wakarudi tena Nyungwe. Ndivyo ilivyo sayansi: jibu husimama mpaka atakapokuja mwenye kipimo kizuri zaidi.

Tangu mwaka wa 2018 Kigali ina taasisi ya Chuo Kikuu cha Rwanda ambamo vijana wa Afrika husomea fizikia, hata ile ya chembe ndogo kabisa za maumbile. Nao wanauliza swali la jamii ile ile: mwanzo wa vitu ni wapi? Nanyi wadogo zangu mlio darasani, pimeni kwa uangalifu, waulizeni wenyeji na mtaje majina yao, tena mfikiri mapema kipimo chenu kitatumiwa na nani.