Tomáš Masaryk, Mtetezi wa Kweli

Katikati ya Ulaya ipo nchi iitwayo Ucheki. Zamani nchi hiyo haikujitawala, bali ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria, aliyekaa Vienna. Huko, katika jimbo la Moravia, alizaliwa Tomáš Masaryk tarehe 7 Machi 1850. Baba yake alikuwa mwendesha magari ya farasi katika mashamba ya Kaisari, na mama yake aliwahi kuwa mpishi. Walikuwa watu maskini, wasio na mali wala cheo.

Katika miji ya Moravia walikaa pia Wayahudi. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliwasingizia Wayahudi neno baya sana, ya kuwa huwaua Wakristo ili wapate damu kwa ibada yao. Uwongo huo uliwaponza watu wengi wasio na hatia. Mama yake Tomáš aliusadiki, akamwonya mwanawe asiwakaribie. Basi mtoto alipokutana na Wayahudi aliogopa, akawatazama vidole kama vina damu.

Hata alipokuwa shuleni Hustopeče, siku moja wanafunzi walikwenda matembezini. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja Myahudi, ambaye wenzake walizoea kumdhihaki. Baada ya chakula, wengine walipokuwa wakicheza, mvulana yule alitoweka. Tomáš akaenda kumtafuta, akamkuta nyuma ya lango, ameuelekeza uso wake ukutani, anasali peke yake. Tomáš akaona haya, kwa kuwa yeye alikuwa akicheza, na yule aliyedhihakiwa alikuwa akimkumbuka Mungu.

Alipotoka shule hiyo alipelekwa Vienna kujifunza kazi ya kufuli, kisha akajifunza uhunzi. Lakini alitamani sana elimu. Akarudi masomoni, akajipatia riziki kwa kuwafundisha watoto wa matajiri. Mwaka 1878 alimwoa Charlotte Garrigue, mwanamke wa Marekani, na jina la mkewe akalitia katika jina lake mwenyewe. Mwaka 1882 akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Prague.

Mwaka 1899 msichana mmoja aliuawa msituni karibu na mji wa Polná. Shingo yake ilikuwa imekatwa. Mara watu wakaukumbuka ule uwongo wa kale, wakapiga kelele ya kuwa Wayahudi wamemwua kwa ajili ya damu yake. Akakamatwa Leopold Hilsner, kijana Myahudi maskini aliyekuwa akitangatanga bila kazi ya kudumu. Hapakuwa na mtu aliyemwona akiua, lakini alihukumiwa kufa.

Masaryk hakuwa na udugu wala urafiki na Hilsner. Lakini aliisoma habari ya hukumu ile, akaona ya kuwa haikusimama juu ya ushahidi, bali juu ya chuki. Akaandika kitabu kidogo kudai kesi isikilizwe tena. Serikali ikakikamata kitabu hicho. Magazeti yakamtukana, yakisema amenunuliwa kwa fedha za Wayahudi. Alipoingia darasani, wanafunzi walipiga makelele hata sauti yake isisikike. Naye akachukua chaki, akaandika ubaoni yale aliyotaka kusema. Masomo yake yakasimamishwa kwa muda. Moyo wake ulihuzunika sana, hata akafikiri kuhamia Marekani. Lakini hakuondoka, wala hakuyafuta maneno yake.

Kesi ikasikilizwa mara ya pili mwaka 1900, na Hilsner akahukumiwa kufa tena. Mwaka 1901 Kaisari aliipunguza adhabu iwe kifungo cha maisha. Basi Masaryk hakushinda, na Hilsner alikaa gerezani mpaka mwaka 1918, alipopewa msamaha.

Vita kuu vilipoanza mwaka 1914, Masaryk alikwenda nchi za kigeni kuutafuta uhuru wa watu wake. Alipofika Marekani, Wayahudi wengi wa huko walimpokea vizuri na kumsaidia, kwa kuwa walikuwa hawajasahau jinsi alivyomtetea Hilsner. Mwezi wa Oktoba 1918 ikazaliwa nchi mpya, Chekoslovakia, na Masaryk akawa Rais wake wa kwanza. Katika siku zile za mwanzo makundi ya watu waliwapiga Wayahudi na kuyapora maduka yao, maana chuki ya zamani haikufa kwa siku moja. Lakini sheria ya nchi iliwapa Wayahudi haki sawa na wengine, na aliyetaka kuandikwa kuwa wa taifa la Kiyahudi aliruhusiwa.

Mwezi wa Aprili 1927 Masaryk alisafiri mpaka Palestina, wakati nchi hiyo ilipotawaliwa na Waingereza. Aliuzuru Yerusalemu, akaviona vijiji ambavyo Wayahudi waliotoka Ulaya walikuwa wakivilima, katika nchi iliyokuwa na Waarabu wengi kuliko Wayahudi. Baadaye kijiji kimoja cha Wayahudi karibu na Akka kikaitwa Kfar Masaryk kwa heshima yake.

Alijiuzulu mwaka 1935, akafa tarehe 14 Septemba 1937, mwenye umri wa miaka 87. Hakuiona misiba iliyofuata. Mwaka 1939 Wajerumani waliiteka nchi yake, na Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia wakauawa. Mwaka 1948 Chekoslovakia iliiuzia silaha dola mpya ya Israeli. Lakini mwaka 1952 watawala wake wakomunisti waliwashitaki wakubwa 14 kwa uhaini wa uwongo, na 11 kati yao walikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mwaka 1967 nchi ikavunja uhusiano na Israeli, ikaurudisha mwaka 1990.

Hivyo urafiki wa mataifa ulipanda na kushuka. Lakini jina la Masaryk lilidumu, kwa sababu alimtetea mtu asiye na rafiki, siku ambayo kumtetea hakukuwa na faida yo yote.