Askofu Luwum na swali ambalo Amin hakulijibu

Mwaka mmoja nilivuka mpaka pale Mutukula alfajiri, nikiwa na fedha za kununulia vitenge Kampala. Nilipofika mjini nikakuta benki zimefungwa. Ilikuwa tarehe 16 Februari. Mzee mmoja niliyesafiri naye, ambaye aliwahi kuishi ukimbizini Tanzania enzi za Idi Amin, akanieleza kuwa ni sikukuu ya Janani Luwum. Jina nililijua, kisa sikukijua. Tangu hapo nimekifuatilia, na leo nawasimulia wenzangu tunaopita njia hiyo.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mbuzi, akachelewa kuanza shule, baadaye akawa mwalimu. Aliokoka mwaka 1948, akasomea uchungaji, na mwaka 1969 akawa askofu. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Yaani waumini wake walikuwa kila upande wa mipaka hii tunayoivuka na mizigo yetu.

Wakati huo Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971. Watu walikamatwa mchana kweupe wasionekane tena. Ndugu zao wakienda kuuliza, walizungushwa ofisi hadi ofisi. Luwum alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kuwaulizia waliopotea. Wapo waliomlaumu kuwa anamkaribia mno Amin, lakini yeye aliona kuwa bila kubisha hodi hakuna atakayeokolewa. Mwaka 1976 aliketi pamoja na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu kujadili hali ya nchi. Jambo hilo halikumfurahisha mtawala.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wenye silaha waliingia nyumbani kwake wakitafuta bunduki. Hawakupata kitu. Maaskofu walikutana, wakaandika barua kwa Amin. Walilalamikia upekuzi ule, mauaji na watu kutoweka, wakaitaka serikali iwalinde raia. Hawakuwa na jeshi wala chama. Walikuwa na karatasi na majina yao.

Jibu lilikuja tarehe 16 Februari. Viongozi wa dini waliitwa Kampala mbele ya askari wengi, silaha zikaanikwa hadharani, na Luwum akatajwa katika njama ya kuipindua serikali. Askari walipiga kelele wakitaka auawe. Baadaye wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Hawakumwona tena akiwa hai.

Siku iliyofuata serikali ilitangaza kuwa Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Ilidaiwa kuwa walijaribu kumzidi nguvu dereva ili watoroke. Mwandishi yeyote wa habari angeuliza: ni daktari gani aliyewapima? Kwa nini kanisa halikukabidhiwa mwili? Serikali ilishikilia neno lake moja, ajali.

Jeneza la Luwum lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, azikwe haraka. Lakini wanakijiji walilifungua, wakaona matundu ya risasi. Swali lililokwepwa Kampala likajibiwa kijijini.

Huko Kampala ibada ya kumkumbuka ilikuwa imepigwa marufuku. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu walifurika katika kanisa kuu la Namirembe. Kaburi lilikuwa limechimbwa pale, halina mtu. Baada ya ibada walitoka wakasimama kando ya shimo lile tupu, wakaimba. Siku hizo hizo Askofu Festo Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda.

Amin aliangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na wakimbizi wengi wakarejea kwao. Yeye alikufa Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Hakuna mahakama iliyowahi kumhoji.

Uganda iliifanya tarehe 16 Februari kuwa siku ya mapumziko mwaka 2015. Huko London, sanamu ya Luwum imesimama katika ukuta wa Westminster Abbey tangu mwaka 1998.

Mara nyingi tunadhani kuipinga serikali dhalimu ni kazi ya wenye bunduki. Bunduki zilifika 1979. Miaka miwili kabla, maaskofu walikuwa wameandika barua, kijiji kikafungua jeneza, na watu wa Kampala wakaenda kanisani walipokatazwa. Nilimuuliza yule mzee kama watu hawakuogopa. Alinijibu kuwa waliogopa sana, na wakaenda.

Siku hizi nikisafiri Februari, fedha zangu nabadilisha tarehe 15.