Bwana Sjöstedt na Vipepeo wa Kilimanjaro

Yngve Sjöstedt alizaliwa katika nchi ya Sweden mwaka 1866. Mwaka 1890 alikwenda Kamerun, akakaa huko hata mwaka 1892 akichunguza wanyama na wadudu. Mwaka 1900 alitoa kitabu kikubwa cha kueleza mchwa wa Afrika, na baadaye alikuwa msimamizi wa wadudu katika nyumba ya makumbusho ya Stockholm.

Mwaka 1905 alifika katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wadachi. Reli ya Tanga ilikuwa haijafika Moshi, na mizigo ilichukuliwa na watu. Alikaa Kibong'oto, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, akatafuta wadudu migombani, msituni, na katika nyasi zilizo juu ya msitu. Tena alikwenda Meru na katika mbuga za Wamasai. Safari ilipokwisha mwaka 1906, alichukua kwao maelfu ya wadudu.

Labda msomaji atauliza: Kushika kipepeo ni elimu gani, maana hata watoto wetu huwashika? Tofauti i katika kikaratasi. Kila mdudu aliandikiwa mahali alipopatikana na kimo cha mahali pale. Kwa mfano Kibong'oto, katika mashamba, kati ya mita 1300 na 1900. Mdudu asiye na kikaratasi, hata akiwa mzuri namna gani, hafai sana, kwa kuwa hatujui kwao ni wapi.

Tena Sjöstedt hakuifanya kazi yote peke yake. Kila jamii ya wadudu ilipewa mtu aliyeijua, na habari zao zikapigwa chapa kati ya mwaka 1907 na 1910. Vipepeo walipewa Christopher Aurivillius, Msweden mwenziwe, aliyekuwa ametoa kitabu cha vipepeo wa Afrika mwaka 1898. Kazi ya namna hii hutaka saburi. Mishipa ya mabawa hutazamwa, na madoa, na rangi, kisha kipepeo hulinganishwa na wale waliokwisha kuandikwa. Akilingana na mmoja wao, huitwa kwa jina lile lile. Asipolingana na yeyote, hupewa majina mawili, kwa desturi ya Carl Linnaeus, naye pia Msweden: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Hivyo mwaka 1908 Aurivillius alimwandika kipepeo mmoja kwa jina la Papilio sjoestedti.

Jina hilo ni heshima kwa aliyesafiri. Lakini na tuseme kweli: kipepeo huyo alikuwa mpya vitabuni tu. Wenyeji wa milima hii waliishi naye siku zote, na hakuna neno la Kichaga katika jina lake.

Sjöstedt alifariki mwaka 1948. Kipepeo wake angali akiruka katika misitu ya Meru na Kilimanjaro na milima mingine ya kaskazini mwa Tanzania, wala nje ya nchi hii hapatikani. Sisi tukaao Soweto na Moshi yote, tunaoishi kwa maji yashukayo kutoka msitu huo, na tufikiri. Miti ikiisha, jina litabaki kitabuni, na mabawa makavu yatabaki sandukuni huko Ulaya. Lakini watoto wetu hawatamwona. Wageni walifanya kazi ya kuandika. Kazi ya kuutunza msitu imebaki kwetu.