Robert Baden-Powell: Kutoka Mafeking hadi Nyeri

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akafiwa na babake akiwa na umri wa miaka 3. Alijiunga na jeshi mwaka 1876, akatumikia India na Afrika. Jina lake lilivuma alipoulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217 kati ya 1899 na 1900. Humo vijana wa Kizungu walipeleka barua na kushika zamu, naye akatambua kuwa kijana akiaminiwa huaminika. Hata hivyo, sifa hiyo ina doa: Waafrika waliozingirwa naye walipewa posho haba kuliko Wazungu, na baadhi yao wakafa njaa.

Mwaka 1907 alipiga kambi kisiwani Brownsea, Uingereza, na wavulana wapatao 20, wana wa matajiri kwa wana wa vibarua. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha uskauti, na kufikia 1910 uskauti ulikuwa umeingia Kenya. Mwaka huohuo, akisaidiwa na dadake Agnes, alianzisha chama cha wasichana.

Alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburini pake pamechorwa duara lenye nukta, ishara ya skauti aliyekwenda nyumbani. Maskauti wanaolizuru kaburi hilo kila Februari wengi wao ni watoto wa Kiafrika, ambao wenzao wa Mafeking hawakuthaminiwa. Uskauti umekuwa mpana kuliko mwasisi wake. Tuutunze upana huo, bila kulificha doa.