Kabla ya Wachekeshaji Wako wa TikTok, Kulikuwa na Siti binti Saad

Manze, ukicheki mbogi ya vijana pale Diani wakiigiza bila skripti, wanapewa neno na mashabiki kisha wanalichangamkia papo hapo, usidhani hiyo kitu imetua juzi na ndege ya Ukunda. Staili zake ni mob: kuna vichekesho vya dakika mbili, kuna stori ndefu ambayo hata waigizaji hawajui itaishia wapi, kuna kujibizana kwa mashairi. Na pwani yetu ilikuwa na ladha hii kitambo sana. Kutana na Siti.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa hilohilo: Mtumwa. Hustle yake? Kufinyanga vyungu na kuvitembeza akiita wateja kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba, akaungana na wanamuziki kama Maalim Shaaban na Mbaruku.

Enzi hizo taarab ya ikulu kwa Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaishusha mtaani, Ng'ambo, kwa Kiswahili cha watu wa kawaida. Sasa skiza hii: kundi lake halikuimba tu. Lilikuwa pia na natiki, yaani viigizo vifupi vya kuchekesha. Watu wa mtaa walijiona humo, na wenye kujiona wakubwa wakapata dawa yao.

Lakini si kila kitu kilikuwa kicheko. Wimbo wake Kijiti ulibeba kesi ya kweli: mwanamke aliuawa, muuaji akatoroka, na mahakama ikawageukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Kwa mtu asiye na wakili wala gazeti, wimbo ndio ulikuwa rufaa yake.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na zikapigwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Kwa hivyo wewe msanii wa Msambweni unayesema huna studio wala jukwaa, Siti alianza na vyungu kichwani. Ukipata mashabiki wako, usimcheke aliye chini. Mcheke anayemkalia.