Mary Leakey

Mary Douglas Leakey (6 Februari 1913 – 9 Desemba 1996) alikuwa mwanaakiolojia kutoka Uingereza aliyefanya kazi nchini Kenya na Tanzania. Anajulikana hasa kwa masalia ya zamadamu aliyoyapata Olduvai na Laetoli, lakini pia ndiye aliyenakili michoro ya miambani ya Kondoa.

Alizaliwa London, binti wa mchoraji Erskine Nicol. Utotoni alitembezwa na baba yake katika mapango yenye michoro ya kale kusini mwa Ufaransa. Alifukuzwa shuleni zaidi ya mara moja na hakupata cheti chochote, ila alijua kuchora. Kwa kipaji hicho aliombwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya kitabu cha Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya. Walioana mwaka 1936 wakapata wana watatu, akiwemo Richard Leakey.

Kondoa aliiona mara ya kwanza mwaka 1935. Huko, kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, mawe makubwa yamepasuka na kuinama juu kama paa, na chini yake watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu. Mwaka 1951 alirudi akakaa miezi mitatu hivi, akipanda vilima na kunakili takriban picha 1,600, nyingi zikiwa zimechorwa moja juu ya nyingine. Kuna twiga, tembo na swala, lakini zaidi alivutiwa na watu: mitindo ya nywele, mavazi, ngoma na muziki. Mambo hayo hayaonekani katika mawe wala mifupa. Jua, maji na mikono ya watu vilikuwa vikiifuta michoro hiyo, hivyo nakala zake zina thamani kubwa. Hata hivyo kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka mwaka 1983 tu, zaidi ya miaka 30 baadaye. UNESCO iliiandikisha Kondoa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango, kama Mungomi wa Kolo, bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini, Mary aliona fuvu likichomoza ardhini huko Olduvai. Liliitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki. Majivu ya volkeno yaliyolizunguka yalipopimwa, umri wake ulionekana kuwa miaka milioni 1.75, mkubwa kuliko wengi walivyodhani. Sifa nyingi zilimwendea mumewe.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary aliendelea na kazi Laetoli, na mwaka 1978 kikundi chake kilipata nyayo za zamadamu waliotembea wima miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Walikanyaga majivu ya volkeno yaliyolowa mvua, yakakauka na kuwa magumu, kisha majivu mengine yakayafunika. Baada ya uchunguzi nyayo zilifukiwa tena ili zisiharibike, lakini miti ya migunga iliota juu yake, na katika miaka ya 1990 ilibidi ing'olewe kwa uangalifu kabla ya kufukiwa upya.

Mary Leakey alifariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 83.