Makhan Singh: Mpiga Chapa Aliyekataa Mshahara wa Rangi

Wahenga walinena kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Usemi huu hutajwa kila siku mikutanoni, lakini ni wachache walioulipia kwa miaka ya maisha yao. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mmoja wao, marehemu Makhan Singh wa nchi jirani ya Kenya, mtu ambaye jina lake lapaswa kujulikana na kila anayeishi kwa jasho lake katika Afrika Mashariki.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, upande wa Punjab ambao sasa umo katika Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyekuja Nairobi mwaka 1920 kufanya kazi katika reli. Mwana alimfuata mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka 13. Alisoma Nairobi, akafaulu mtihani wa matrikulesheni wa London mwaka 1931, kisha akaingia katika kiwanda cha baba yake cha kupigia chapa. Humo ndimo alimojifunza thamani ya karatasi iliyochapwa, silaha aliyoitumia baadaye kuwafikia wafanyakazi.

Ili tuielewe kazi aliyoifanya, hatuna budi kwanza kukumbuka jinsi utawala wa kikoloni ulivyopanga malipo. Mzungu alilipwa mshahara wa juu, Mhindi wa kati, na Mwafrika wa chini kabisa, hata pale walipofanya kazi za namna moja. Mwafrika alikadiriwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa kisingizio kwamba jamaa zake walikuwa na shamba kijijini. Juu ya hayo alilazimishwa kubeba kipande, hati iliyowekwa ndani ya kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni, ambayo bila sahihi ya tajiri wake hakuweza kuacha kazi na kutafuta nyingine kwa uhuru. Fundi Mhindi alipodai nyongeza, aliambiwa kwamba yuko Mwafrika wa kuishika kazi hiyo kwa bei nafuu. Mwafrika alipodai, aliambiwa kwamba bado hajafikia ustadi wa Mhindi. Hivyo kila kundi lilitumiwa kama rungu la kulipigia kundi jingine, na faida ilibaki mikononi mwa tajiri.

Mwezi Machi 1935, mafundi wa Kihindi mjini Nairobi walimchagua Makhan Singh, kijana wa miaka 21, awe katibu wa chama chao, ambacho jina lake lilikuwa Chama cha Wafanyakazi Wahindi. Mwezi uliofuata jina hilo lilifutwa. Chama kiliitwa Chama cha Wafanyakazi wa Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa watu wa kila rangi na kila dini. Jambo hili laonekana dogo tukilitazama leo, lakini wakati ule shule, hospitali, mitaa na hata mabehewa ya gari moshi yaligawanywa kwa rangi. Kuwaalika watu wote katika chama kimoja kulikuwa kuugusa msingi wenyewe wa utawala.

Tarehe 1 Aprili 1937 chama kiliitisha mgomo mjini Nairobi uliodumu siku 62. Ulipomalizika, mafundi walipata nyongeza ya mishahara kati ya asilimia 15 na 22, siku ya kazi ya saa nane, na kurudishwa kazini kwa waliogoma. Mwaka huo huo chama kikajitanua na kujiita cha Afrika Mashariki nzima. Haki yatutaka tuseme kwamba kwa miaka ya mwanzo wanachama wake walio wengi walikuwa Wahindi bado, kwa kuwa mlango kuwa wazi ni jambo moja na watu kuingia ni jambo jingine. Lakini katika mkutano mkuu wa Julai 1939, Waafrika Jesse Kariuki na George Ndegwa, waliokuwa viongozi wa chama cha siasa cha Wakikuyu, walichaguliwa kuingia katika kamati yake. Mwezi Agosti makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma, na serikali ikaanza kutambua kwamba jambo lililoanzia kwa mafundi wachache lilikuwa likienea.

Mwishoni mwa mwaka huo Makhan Singh alikwenda Bara Hindi. Mwezi Mei 1940 Waingereza walimkamata katika mji wa Ahmedabad, wakamweka kizuizini bila mashtaka, kisha wakamfungia asitoke kijijini kwake hadi Januari 1945. Aliporejea Kenya mwezi Agosti 1947, alikuta wafanyakazi wa Mombasa wamekwisha goma kwa wingi mwezi Januari wa mwaka huo, na kiongozi wao, Chege Kibachia, amekamatwa na kupelekwa Kabarnet. Serikali ilijaribu kumfukuza Makhan Singh nchini, lakini jaribio hilo likashindwa mahakamani.

Hapo alishikana mkono na Fred Kubai, kiongozi wa madereva na wachukuzi. Tarehe 1 Mei 1949 waliunda Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha. Mwaka 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, shirikisho liliwataka wafanyakazi wasihudhurie sherehe, maana Waafrika walihofu kwamba jiji lingepanuka na kumeza ardhi yao, na mwenye vibanda vya udongo hakuona sababu ya kushangilia. Tarehe 23 Aprili, katika mkutano wa Waafrika na Wahindi uliofanyika Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili mara moja. Miaka hiyo hata wanasiasa wengi walikuwa bado wakiomba viti vichache tu katika baraza la wakoloni.

Jibu la serikali lilikuja upesi. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo mkubwa ukaanza Nairobi na kuenea miji mingine, wafanyakazi wakidai kufunguliwa kwa viongozi wao na mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Polisi walitumia magari ya deraya na mabomu ya machozi, na bado mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, kisha Maralal na Dol Dol. Hakufunguliwa hadi Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11 mbali na mkewe na watoto wake.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, watu wengi walitazamia kwamba mtu huyu angepewa nafasi ya heshima. Hakupewa. Wala hakugeuka kuwa mtu wa kulalamika. Aliketi na karatasi zake, na mwaka 1969 akatoa kitabu juu ya historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952. Humo matendo ya makuli, waashi na madereva yamehifadhiwa, watu ambao bila kitabu hicho wengi wao wangesahauliwa. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Kitabu chake cha pili kilitoka mwaka 1980, yeye akiwa kaburini.

Tumeyaeleza haya kwa sababu somo lake halijachakaa. Mishahara ya rangi imefutwa katika sheria zetu, lakini njia ya kuwagawa wafanyakazi haikufa pamoja na ukoloni. Leo mwajiriwa wa kudumu hupambanishwa na kibarua wa siku, mwenyeji na mkimbizi, mwanamume na mwanamke, na kila mmoja huambiwa kwamba mwenzake ndiye anayemnyang'anya tonge. Makhan Singh angeweza kutulia upande wa wale waliolipwa mara mbili au tatu ya Mwafrika. Alifahamu kwamba maadamu yuko aliye chini anayepunjwa, mshahara wa aliye juu yake hauna salama. Kwa hiyo alifuta neno moja katika jina la chama, na akakubali kulilipia neno hilo kwa miaka mingi ya uhuru wake. Deni tulilo nalo kwake si la sanamu wala la jina la barabara. Ni kuuacha mlango ule wazi.